Jina la Shemeji Kwenye Orodha

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limepunguza ukorofi. Watoto nao hawajambo? Mimi mwili hauna neno. Usingizi ndio umenihama.

Kazi ni ileile aliyonitafutia marehemu shemeji hapa hospitalini, ya kutunza kanzidata, lile ghala la taarifa za kompyuta. Kila asubuhi nafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, naita orodha ya miunganisho: nani ameunganishwa, kutoka kompyuta ipi, tangu saa ngapi. Uliokwama naukata kwa kuandika namba yake, basi.

Jumatatu iliyopita umeme ulikatika, mitambo ikawashwa upya. Nilipoita orodha, mstari wa tatu ulikuwa na jina la shemeji. Mbele yake pameandikwa: inangoja. Dada, nilifuta kioo nikasoma tena. Miezi mitano tangu tumzike! Nikaukata. Haikupita dakika, jina likarudi palepale, linangoja.

Nilimwita fundi wa mitambo, yule tunayemwita Nyundo kwa sababu dawa yake ya kila kompyuta ni kofi. Alicheka, akasema wafu hawana nywila. Alipopekua akakuta programu ndogo ambayo shemeji aliiandika wiki ile ile aliyofukuzwa. Kazi yake ni kulinda mstari, yaani muunganisho, wa maabara ya damu: ukikatwa kwa bahati mbaya, unajiunga wenyewe kwa jina lake. Aliipanga ianze mitambo ikiwashwa upya, akaondoka bila kumwambia mtu.

Nyundo alirudi kwenye chai yake. Mimi nilibaki nimelikodolea macho lile jina. Mkuu wa kitengo ameniagiza niifute akaunti ya marehemu. Mara nne nimeandika amri, na mara nne kidole kimekataa kubonyeza.

Sasa kaa chini, Dada, unisikilize. Siku ile majibu ya damu yalipochelewa dakika arobaini kufika wodi ya wazazi, na yule mama akafariki, aliyekata mstari hakuwa mumeo. Ni mimi. Nilitaka kukata namba 471, nikaandika 417. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Shemeji aliiona ile namba kwenye skrini yangu, akasogeza kiti changu pembeni, akakaa yeye. Aliniambia, “Nyamaza. Mimi mkongwe hapa, watanionya tu.”

Hawakumwonya; kabla wiki haijaisha walimfukuza. Jioni ile ulimwambia mbele yangu kwamba uzembe wake umemuua mama wa watu. Alinitazama mara moja, akainamisha kichwa. Nami nikaendelea kumenya viazi. Hata presha ilipomwangusha, ukalia kwamba aibu ndiyo iliyomuua, nilikushika mabega bila kufungua mdomo.

Leo asubuhi nimemwandikia mkuu ukweli wote. Amesoma mara mbili, akaniambia niende nyumbani nikasubiri kuitwa. Akaunti sikuifuta, atakayeifuta asiwe mimi.

Sikuombi msamaha, maana sijui ningeupokea kwa mkono gani. Nakuomba jambo moja: ukimtaja kwa wanao, usiwaambie tena kwamba baba yao alikuwa mzembe.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Usiponijibu nitaelewa; ukinifukuza mlangoni, nitakuja vilevile.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekufuata ziwa.