Manjano Yasiyotoka

Jumatatu, 3 Februari

Singo ya Mwanaidi, manjano ya kumsugua bibi harusi, siku ya tatu. Binti wa marehemu dada yangu, nimemlea mwenyewe. Harusi Ijumaa ya wiki ijayo. Kidonda cha operesheni kimefunga. Mawe ya nyongo walimtoa Dar mwezi uliopita. Tumbo nalikwepa. Leo rangi imekamata ajabu, mpaka viganjani. Jirani yangu Bi Zuhura kapiga kigelegele: "Shoga, mikono yako ina dawa!" Nikavimba kichwa.

Jumatano, 5 Februari

Anajikuna. Hakulala. Nikasema singo mpya lazima iwashe, nikazidisha maji ya waridi. Na manjano nikazidisha. Mgema akisifiwa. Chakula hataki, nikamtania kuwa bibi harusi anaona haya hata kwa wali.

Ijumaa, 7 Februari

Mchana nimemwogesha, nimpake upya. Maji yametoka safi, yeye kabaki manjano. Nikamsogeza dirishani, nikamvuta kope. Macho! Macho sikuyasugua mimi. Nikakaa sakafuni. Ndipo akasema mkojo wake mweusi kama chai ya rangi, tangu wiki iliyopita. Aliona haya kuniambia.

Jumatatu, 10 Februari

Dar. Kipimo cha MRI. Wamemvua bangili na kipini cha mama yake, maana mashine ile ni sumaku. Nje nilisikia kelele kama watu wanagonga mabati.

Daktari katuonyesha picha. Nyongo inaonekana nyeupe, inashuka kutoka kwenye ini, halafu ghafla hakuna. Siku ya operesheni mrija wake ulibanwa kimakosa kwa kibanio. Nyongo ikakosa njia, ikarudi kwenye damu. Sasa na maambukizi yameingia, kwa hiyo kuungwa mrija kutangoja mpaka yatulie.

Daktari akaniuliza kwa upole: "Mama, rangi hii ilianza lini?"

Mimi niliyemgusa kila siku nikaanza kuhesabu siku za singo. Bora angenitukana.

Jumatano, 12 Februari

Harusi imeahirishwa. Homa kali. Naogopa nitamzika. Swaleh, mchumba wake, yuko hapa benchini tangu asubuhi. Simtazami usoni.

Jumapili, 16 Februari

Homa imeshuka. Wamemwekea mpira, nyongo inatokea kwenye kimfuko ubavuni. Operesheni ya kuunga bado. Nimemtazama macho kwenye mwanga. Weupe unaanza kurudi.

"Mama mdogo, singo imebaki?"

Nikasema ipo. Akalala.

Nimeosha mikono kwa ndimu na sabuni. Kucha zangu bado manjano.