Picha Pekee ya Deusi

Jumatatu, 9 Juni

Nimeamka na mafua. Chai ya rangi, muuza maziwa kaenda msibani Nyaishozi. Saa mbili nilikuwa Kihanga kupiga picha za kahawa inayoanikwa. Mhariri wangu wa Bukoba kila mwaka anataka habari ya msimu wa kahawa, utadhani mwaka huu itatoka ya bluu.

Vibarua walikuwa kama kumi. Mmoja, fulana ya njano, aliomba nimpige peke yake. Alisimama wima kama anaapishwa, halafu akacheka meno yote nje. Akasema nimtunzie, anataka mama yake aione. Nikasema sawa. Mimi husema sawa kwa kila mtu.

Jioni simu imejaa, imegoma kabisa. Nimefuta video za harusi ya binamu. Nimefuta vibarua wote wa Kihanga, nimebakiza mikeka ya kahawa tu. Nimemwaga mpaka kapu la taka la simu. Sasa ina nafasi. Nimekunywa tangawizi. Kichwa bado kizito.

Jumatano, 11 Juni

Mtu amepigwa risasi Kihanga.

Nilikuwa narudi kumalizia habari ya kahawa. Dereva wa bodaboda akaona watu wanakimbilia nyuma ya ghala la mnunuzi, naye akakata kona bila kuniuliza. Nilifika kabla ya polisi. Kijana amelala kifudifudi kwenye njia ya migombani. Koti la kijivu, tundu chini ya kwapa, damu nyingi mno. Mkono wa kulia umeshika muhoro, kile kisu chetu kilichopinda cha kukatia migomba. Nilipiga picha moja tu. Kisha nikaenda kutapika nyuma ya mgomba. Niliporudi watu walishajaa, na polisi wanashuka kwenye gari.

Mlinzi wa ghala anasema alikuwa mwizi wa kahawa, alimjia na muhoro, akajihami. Mwenye ghala, ambaye hapa wote tunamwita Tajiri, alisimama karibu naye akiitikia kila neno kwa kichwa.

Marehemu anaitwa Deusi. Kibarua. Wazazi wake walitoka Burundi. Watu waliniambia hilo kabla ya kuniambia jina.

Sijala.

Alhamisi, 12 Juni

Mhariri anaitaka picha ilivyo, damu na yote. Anasema watu watabonyeza. Tumegombana kwenye simu mpaka betri ikaisha.

Kaka yangu alipogongwa na lori, niliiona maiti yake kwenye simu ya muuza sabuni kabla nyumbani hawajanipigia. Simu ile ilikuwa na kava la maua. Sijasahau yale maua. Nikaapa mama wa mtu hatayaona hayo kupitia mkono wangu.

Kwa hiyo picha nimeifunika mwenyewe. Nimeweka ukungu mzito juu ya damu, mkono na muhoro, ukabaki mpini tu. Nimetuma hiyo. Saa sita ikatoka: MWIZI WA KAHAWA AUAWA. Mimi niliandika "anayedaiwa kuwa mwizi". Mhariri kayafuta hayo. Chini yake watu wanashangilia: safi sana, wamezidi hawa.

Nimekasirika kwa kile kichwa cha habari. Kwa picha, najiona muungwana.

Ijumaa, 13 Juni

Namba ngeni asubuhi. Sauti ya upole sana. Hujambo dada, habari za kazi. Akaniuliza kama ninayo bado ile picha kabla haijafunikwa. Nikasema sina. Akasema vizuri, dada, vizuri. Akakata.

Mtu wa kawaida angeuliza niliifutia nini.

Mchana pikipiki isiyo na namba imesimama ng'ambo ya geti langu. Wanaume wawili. Hawanunui kitu dukani, hawaongei na mtu. Naishi peke yangu na leo nimelijua hilo vizuri.

Jumamosi, 14 Juni

Pikipiki ileile. Sikwenda sokoni. Nimekula kiporo cha ndizi. Mbwa wa jirani hajabweka tangu asubuhi.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada nimekwenda msibani kwa mama wa Deusi, Mama Konsolata. Nilipita njia ya nyuma, pikipiki isinione. Wamempa chumba pembeni ya kibanja cha watu, kule Kihanga. Mwili bado uko hospitali.

Njiani nimeona kitu ambacho sijawahi kukiona maishani. Majirani wanalima! Kwetu huku jembe haliingii ardhini mpaka marehemu azikwe, hata kama mlikuwa hamsalimiani. Leo Jumapili, msiba uko hatua hamsini, na watu wanalima maharage. Msiba wa mwizi si msiba. Na aliyewaambia ni mwizi ni habari iliyotoka na picha yangu.

Ndani kulikuwa na wanawake watatu tu, wote Warundi. Nikamwamkia. Aliitikia, akanishika mkono, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba anaitaka picha isiyo na ukungu. Nikakataa. Nikamwambia, mama, hiyo si ya kuona. Akasema, "Nilimzaa mimi, nikamwosha mimi. Wewe unanificha nini?"

Nikampa. Mungu anisamehe.

Hakulia. Aliangalia muda mrefu. Nikamwonesha namna ya kuikuza kwa vidole viwili. Akaenda moja kwa moja kwenye mkono, akagusa kioo. "Muhoro umefungwa."

Nikaona. Loo! Makali yote yamezungushiwa ganda kavu la mgomba, limekazwa kwa kamba yake, mizunguko miwili. Kila mtu huku hufunga muhoro hivyo akiwa njiani, asimkate mwenzake. Unaufungua ukifika shambani. Huwezi kumjia mtu na muhoro uliofungwa, labda umkune mgongo. Deusi alikuwa anakwenda kibaruani.

Polisi walimwonesha Mama Konsolata muhoro mtupu, naye anajua mwanawe huufunga akitoka, ndiyo maana alitaka picha. Kwa hiyo kuna aliyelivua lile ganda nilipokuwa natapika. Na anajua nilipiga picha kabla.

Ukungu niliuweka palepale. Kwa huruma yangu. Najichukia.

Jumatatu, 16 Juni

Nimempigia mhariri, nimemweleza yote. Sasa hataki! Ati picha inatisha. Ati maadili, ati watoto wataona. Alhamisi maadili yalikuwa likizo? Tajiri anatangaza kahawa yake kwetu kila siku, hilo hakulitaja. Nimemwambia asinipigie tena. Kazi ndiyo imekwisha hivyo.

Nikajaribu kukata kipande cha muhoro peke yake, niwaepushe watu na damu. Haifai. Kitu cha kahawia juu ya kitu cha kahawia, kinaweza kuwa cha yeyote, popote. Kinahitaji lile koti. Kinahitaji ukuta wa ghala kwa nyuma. Kinahitaji na damu, ijulikane kilikuwa mkononi mwake alipokufa. Nimehangaika nayo saa mbili na sikupata njia ya katikati.

Polisi nimewapelekea nakala. Mpelelezi alinishukuru, akasema nisubiri. Nikatoka nje, pikipiki iko chini ya mti wa kituo.

Nikarudi kwa Mama Konsolata kumuuliza mara ya mwisho. Akasema waone. Wote waone.

Saa kumi nimeiweka kwenye ukurasa wangu, na onyo juu yake.

Jumanne, 17 Juni

Asubuhi nimekuta muhoro mtupu umechomekwa kwenye nguzo ya geti langu. Umenolewa upya.

Simu haijapumzika. Wengine wananitukana: sina utu, natafuta umaarufu kwa maiti. Mwalimu mmoja wa Kanoni kaniandikia kwa heshima kabisa kwamba binti yake wa miaka tisa aliiona na hajala tangu jana. Ana haki. Nimemwomba radhi na picha sijaitoa.

Lakini waliokata ndizi tangu utotoni wameona ganda, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kihanga, Nyaishozi, mpaka Kyerwa wanaongea hilo tu. Saa tisa mlinzi akakamatwa. Tajiri naye ameitwa kuhojiwa.

Ule muhoro nimeuchomoa na kuupeleka polisi. Niliufunga kwanza.

Alhamisi, 19 Juni

Tumemzika Deusi. Sijaona jembe hata moja shambani, njia nzima. Waliolima Jumapili walikuja wakasimama nyuma, macho chini. Hakuna aliyesema samahani. Walibeba jeneza.

Msalaba una jina tu. Wengine huku huweka na picha ya marehemu. Nikadhani wamesahau.

Pikipiki sijaiona tangu jana. Haijanipa nafuu. Heri nilipokuwa najua ilipo.

Jumapili, 22 Juni

Mvua ya rasharasha. Nimekwenda kwa Mama Konsolata na mkungu wa ndizi. Tukakaa kumenya.

Katikati ya kumenya akaniuliza kama nimemletea ile nyingine. Nikauliza nyingine ipi. Akasema ile ya Jumatatu. Deusi alirudi nyumbani ile jioni akimsimulia: mama mmoja mwenye simu kubwa amempiga picha peke yake, kwenye kahawa, kavaa fulana ya njano, anacheka. Ameahidi kumtunzia. Wiki nzima Mama Konsolata alikuwa ananisubiri niitoe, akaona aibu kuomba. Nyingine hana. Mwanawe hakuwahi kupigwa picha kabla ya hiyo.

Uso sikuuona Jumatano ile alipouawa, alilala kifudifudi. Sikujua kuwa ni yeye.

Nimemwambia ukweli. Simu ilijaa, nikaifuta picha yake. Na nafasi ile ndiyo iliyopokea picha ya Jumatano.

Akasema, "Basi." Akamenya ndizi mbili, tatu. Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akaniomba ile iliyopo. Nikamfungulia. Akaweka kiganja juu ya kioo, akafunika kila kitu isipokuwa mkono wa Deusi, akauangalia mpaka simu ikazima yenyewe.

Tukamaliza kumenya.