Sheria Aliyoitaja Meshaki

Mpendwa Baba Amani,

Ulizoea kuniambia kwamba ningefaa idara ya upelelezi. Nikikuuliza mbona umechelewa kutoka Vällingby, unacheka mpaka miwani inateleza puani. "Mama Amani, wewe hata malaika Gabrieli ungemdai kitambulisho." Nakuandikia kwa sababu nimemshuku mtu ambaye wewe usingemshuku kamwe: rafiki yako Meshaki.

Mlikuja huku Uswidi mkiwa wanafunzi, mkipika ugali wa semolina kwenye jiko la bweni na kuvaa koti moja kwa zamu. Alisimama nawe siku ya harusi yetu. Alipochaguliwa mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Jakobsberg, wewe ndiwe uliyemsukuma hadi tukachanga tukanunua mashine ya kushtua moyo uliosimama. Nakumbuka mlivyoitundika mlangoni mwa ukumbi, wewe na bisibisi, yeye akisema juu kidogo, chini kidogo. Ulirudi nyuma ukaitazama. "Na izeekee hapo bila kazi," ukasema.

Jumamosi ile ya mazoezi ya kwaya ulianguka katikati ya wimbo. Kilichofuata hukukiona, basi nikusimulie. Amani binti yako alipiga simu ya dharura, nami nikakandamiza kifua chako kama nilivyoelekezwa. Sauti ya simuni ikauliza kama kuna mashine ya moyo karibu. Binti yako akatimua mbio hadi mlangoni. Meshaki alikuwa ameshatangulia, mgongo wake umeziba kabati la mashine.

"Acha, binti yangu. Hatuna cheti. Sheria ya huku hairuhusu, tutashtakiwa."

Nani angembishia? Sisi wageni tukisikia neno sheria, mikono hurudi mifukoni yenyewe. Ambulensi ilikuja haraka. Wewe hukurudi.

Kwenye matanga Meshaki alilia kuliko ndugu zako. Alileta masufuria ya pilau, akapanga viti, akahangaikia safari ya mwili wako kwenda nyumbani. Kila mtu alimsifu. Mimi niliona jambo moja tu: hakunitazama machoni. Halafu, ibada ya kwanza baada ya mazishi, nikakuta mashine ya mlangoni ni mpya kabisa. Mbona ibadilishwe, ikiwa ile ya zamani haikuguswa?

Nikamwuliza Furaha, yule nesi Mkongomani anayekaa huku Tumba. Akaweka kikombe chini.

"Sheria gani hiyo, ma chérie, mpenzi wangu? Huku yeyote anaweza kuitumia, cheti au hakuna. Mashine yenyewe inakuelekeza. Hakuna anayefungwa kwa kujaribu kuokoa mtu."

"Na sisi, sheria ilitulazimisha kuwa nayo?"

"Hapana. Lakini ukishaitundika, watu wanaitegemea."

Nilikwenda kwa Meshaki mchana, mkewe akiwa kazini. Hakunikaribisha hata chai.

"Shemeji," nikamwambia, "siku ile ulikuwa unaficha nini nyuma ya mgongo wako?"

Akaanza tena habari za sheria. Nikamwambia nimeshauliza. Akawa anakuna meza kwa ukucha.

"Taa ya mashine ilikuwa nyekundu," akasema hatimaye. "Betri ilikuwa imekufa tangu majira ya baridi. Kila Jumapili naiona, nasema wiki ijayo. Alipoanguka, nikaogopa Amani akifungua watu wote wataona. Hiyo sheria ilinijia mdomoni tu."

Nilidhani nitaona fahari kwamba sikukosea. Badala yake nikaketi bila kukaribishwa. Maana kuna mashine nyingine dukani, ng'ambo ya uwanja, na binti yako ana mbio. Meshaki angesema tu, "Hii ni mbovu, kimbia ng'ambo," Amani angekimbia. Daktari aliniambia huenda hata mashine nzima isingekuokoa. Hilo "huenda" nalo nalishuku. Sijui alilisema kwa kuwa ni kweli, au kwa kuwa alikuwa akizungumza na mjane.

Nikampa Meshaki hiari: ayaseme mwenyewe mbele ya watu, au nitayasema mimi. Aliyasema Jumapili, akajiuzulu papo hapo. Kina mama wengine walininunia, ati nimemvua nguo mtu aliyetuzikia.

Wiki iliyopita Furaha alikuja ukumbini kutufundisha, na mdoli wa mazoezi. Mashine ikasema Kiswidi kitupu, wazee wakabaki kutazamana. Ndipo Amani, ambaye tangu aanze shule ananijibu Kiswidi hata nikimwamkia, akapaza sauti: "Mfungueni shati! Bandikeni vibandiko hapa na hapa! Endeleeni kukandamiza!" Ungemsikia Kiswahili chake, Baba Amani. Nilijikuta nimeshika kitambaa chako cha shingoni, ninachokivaa siku hizi.

Zamu ya Meshaki ilipofika alipiga magoti kando ya mdoli. Wengine walitazama kando. Mimi nilisogea karibu. Sikusogea kwa huruma. Nilitaka kuona kwa macho yangu kama atabandika mahali pake.

Alibandika sawasawa.

Pumzika, mume wangu. Sijamsamehe bado. Siku nitakayomsamehe, wewe utakuwa wa kwanza kuambiwa.

Mkeo,
Mama Amani