Hukumu Ni Yetu, Ukuta Ni Wao

Jumapili, Msambweni. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi isiyo ya kwetu.

Leo tumemzika mama. Nimeandika hivyo nikangoja nilie. Wapi.

Mama aliusia azikwe ubavuni mwa baba, kwenye makaburi ya ukoo wetu kule Diani. Shamba lile lilishauzwa, tajiri akalizungushia ukuta, makaburi yakabaki ndani. Tulikwenda mahakamani na tukashinda. Jaji aliamuru njia ifunguliwe, sisi jamaa tupite. Masika yamekuja yakaenda, ukuta uko pale pale.

Kila nilikobisha hodi nilipokewa kwa heshima. Polisi walisema wao hutekeleza, ila amri haijawafikia kutoka juu. Mjumbe wetu wa bunge la kaunti alisema kazi yake ni kutunga sheria, si kubomoa kuta. Karani wa mahakama alisema jaji akishaamua hashiki nyundo.

Wote walisema kweli. Mimi ni mwalimu, mihimili mitatu ya serikali naifundisha mwenyewe: madaraka yamegawanywa ili asitokee mmoja akatumeza sote. Bado naamini. Nadhani naamini.

Asubuhi mdogo wangu Bakari alishika sururu, akaita na wenzake. Nikamzuia mlangoni. Nilimwambia tukivunja wenyewe tutakuwa tumejifanya jaji na polisi kwa pamoja, tuwe sawa na huyo tajiri. Nikamwomba anipe muda nipige simu. Nikapiga. Jumapili, nani apokee?

Maiti haicheleweshwi.

Bakari aliiweka sururu chini taratibu. "Haya, dada. Sheria yako imeshamchagulia mama kaburi."

Baada ya adhuhuri jeneza lilipelekwa makaburi ya umma. Mjumbe naye alikuja, akalitia bega, kisha akanipa pole na kuniambia nivute subira. Nikamshukuru. Wallahi nilimshukuru, na sikuhisi kitu, si hasira wala nini.

Hukumu yetu haijatenguliwa. Ni halali mpaka leo.

Sisi wanawake hatufuati jeneza. Tulibaki uani tukisoma Yasini. Kwa hiyo sijui mama amelazwa upande gani, wala kando ya nani. Ajuaye ni Bakari. Ameketi barazani na wageni wa matanga, na tangu arudi hajanitazama usoni.

Nataka kumuuliza. Nitaanzaje?