Boksi la Chaki la Bibi Harusi

Madungu, Pemba

Dada Rukia wa moyo wangu,

Pumua, dada, kama nilivyopumua mimi: ualimu siachishwi! Jana, hina bado mbichi mikononi, alikuja kunitunza zawadi Bi Zuwena, shangazi yake Salim wangu, yule aliyebisha hodi nyumba hadi nyumba kuwaombea wasichana wa Pemba wasome. Wenzake walileta kanga; yeye kaniletea boksi la chaki! Akamuuliza Salim, "Wewe, umeoa mwalimu au mpishi?"

Salim akacheka. "Mwalimu, Shangazi. Jumatatu anarudi kusomesha."

Mama mkwe akaguna, "Kumbe jikoni nimerudi miye!" kisha akanikumbatia. Nililia kwa raha. Mwambie Mama cheti changu hakitaliwa na mende.

Nakubusu mikono, Mungu akujaze furaha kama hii.

Mdogo wako, Asha