Makofi ya Mama, Kitufe cha Kumi na Sita

Mwaka umetimia, Bi Nyaya, tangu tukurudishe kutoka hospitali ukiwa umefunikwa uso, na huyu anayesoma tangazo lako ameshaanza kutazama pembeni. Ameiona picha, amekutambua, na jicho limekimbilia matangazo ya viwanja. Alifanya hivyohivyo mazikoni. Alishika koleo, akasema tuko pamoja, akanawa mikono, na hatukumwona tena.

Hebu arudi hapa juu. Tunazungumza na wewe, lakini na yeye asikie.

Mwenye gazeti alituambia kumbukumbu huwa fupi: picha, tarehe, majina, basi. Mdogo wako fundi viatu, ambaye mdomo wake unaujua, akamjibu kwamba marehemu naye hakuwa mtu wa kukatiza mambo, kwani aliweza kusikiliza mlio mmoja wa ngoma tangu asubuhi hadi chai yake ikapoa mara nne. Tukapewa nafasi.

Ulikuwa fundi wa vinanda, wa amplifaya, wa maikrofoni, wa kila kitu chenye waya kilichogoma kulia. Ndiyo maana wanamuziki wakakupa jina la Bi Nyaya, na hata sisi nyumbani tukalizoea. Chumba chako nyuma ya kinyozi kilinuka risasi ya kulehemu iliyoyeyuka na mafuta ya nywele. Watu walikuja wamebeba vinanda vyao kama wanabeba mgonjwa, nawe ukawatuliza kwamba hakijafa, kimenuna tu. Mumeo alikuwa akirudi safari na lori lake anakuta umezigonga sahani zake zote kutafuta mlio. Moja ina ufa mpaka leo. Anakulia hiyohiyo, hataki nyingine.

Na kile kisanduku chako. Cha kijivu, ukubwa wa droo ya meza, vitufe kumi na sita vya mpira juu yake. Unarekodi mlio, unauweka kwenye kitufe, ukigonga kwa kidole unatoka, na kwa vidole kumi unapata wimbo. Vijana wa kompyuta walikucheka, wakakuuliza hilo jiwe la nini. Ukawaambia, "Kompyuta inakukimbiza. Hiki kinakusubiri." Wakacheka zaidi, kisha wakapanga foleni kukiazima.

Masharti yako yalijulikana. Kisilale nyumba ya mtu zaidi ya wiki, anayeazima ajiandike kwenye daftari, na akikirudisha awe ameacha humo mlio wake mmoja kwa ajili ya atakayefuata. Hivyo ndivyo bawaba ya mlango wa seremala, cherehani ya shangazi na kikohozi cha kinyozi vilivyoingia kwenye nyimbo za watu wasiojuana.

Makofi ya mama yaliingia miaka saba iliyopita. Ulimsimamisha bafuni, kwa kuwa kuta za bafu zinarudisha sauti vizuri, ukamlowesha viganja kwa maji baridi, ukamwomba apige. La kwanza likawa zito mno. La tisa likawa jembamba. La kumi na mbili jirani akavuta maji ya choo. Kufika la kumi na tisa mama akakuambia, "Hili ndilo la mwisho. Linalofuata ni la shavu lako." Akapiga, nawe ukaangua kicheko kabla hujazima.

Kicheko ukakikata, kofi tupu ukawagawia wote waliotaka. Lile zima, lenye kicheko nyuma yake, ukalihifadhi kitufe cha kumi na sita na kubandika karatasi juu yake: HAPA PASIGUSWE.

Leo mji huu hauchezi bila mama. Yumo kwenye arusi, yumo kwenye tangazo la sabuni, yumo saluni kutwa. Hata simu ya muuguzi aliyetujazia karatasi zako iliita kwa kofi lile, na mama pale kwenye benchi akavitazama viganja vyake. Tulikuwa tunasubiri kukutoa.

Kuna jambo hulijui, Bi Nyaya. Mama alianguka. Miezi mitatu baada yako, kiharusi, upande wa kulia wote. Mkono uko mapajani kama kitu cha kuazima.

Akiwa kitandani hivyo, redioni wakamhoji prodyuza yule mnayemwita Mzito, ambaye kinanda chake cha kwanza ulikifufua wakati hana hata meza ya kukiwekea. Akaulizwa kofi lake tamu vile amelitoa wapi. Akajichekesha, akasema hiyo ni siri ya jikoni. Mama alichukua muda mrefu kuyapanga maneno mdomoni.

"Mwongo," akasema. "Ilikuwa bafuni."

Lilikuwa neno lake la kwanza kamili tangu aanguke. Tulicheka mpaka tukaona aibu.

Mtaalamu wa mazoezi pale kliniki alituelekeza kwamba kila asubuhi mkono mzima uupige ule uliolala, kwa muziki anaoupenda mgonjwa, taratibu, mpaka uliolala ukumbuke kazi yake. Mdogo wako akamwekea wimbo wenye kofi lake mwenyewe, akidhani amefanya la maana. Mama akausikiliza wote, halafu akauvuta mkono wake, akageukia ukutani. Limekatwa mwisho, akasema. Akamwekea mwingine. Limekatwa mwisho. Amemwekea nyimbo kumi na nne. Mama anataka lile zima. Anataka apige pamoja na mikono yake ya zamani, nawe ucheke pale unapochekaga. La sivyo hapigi, na kila wiki mtaalamu anaugusa ule mkono, anatutazama, anaandika kitu kwenye faili.

Na kisanduku hakipo.

Ulipokuwa wodini alikuja mtu kukutazama, na maneno ya pole hayajaisha akakuomba kisanduku. Wakati huo hata kikombe ulikuwa huwezi kukiinua. Ukamwambia aende akachukue, ajiandike mwenyewe kwenye daftari. Mwenzako wa kitanda cha pili ndiye aliyetusimulia hayo. Sura aliiona, jina hakulijua. Mtu huyo alikichukua. Hakujiandika.

Mdogo wako amezunguka nyumba hadi nyumba mpaka soli za viatu vyake zimekwisha, na yeye ndiye fundi. Mzito alimwambia akamuulize mwalimu wa kwaya. Mwalimu wa kwaya akamwambia akamuulize Mzito. Akaandika kwenye kundi lenu la simu, lenye watu mia mbili na kumi na wawili, wengi wao ulishawashikia tochi wakitafuta waya uliokatika. Wote wamesoma, alama zinaonyesha. Arobaini wakatuma vijisura vinavyolia. Mmoja akauliza kama zile spika zako bado zipo. Kisha mwingine akatuma biti yake mpya ili asifiwe, wakamsifu. Biti yenyewe ilikuwa na kofi la mama. Mdogo wako anazo tarehe zote za majibu hayo, ameyaandika nyuma ya daftari lako, na hasahau.

Muda nao unakwisha. Ndani ya kisanduku mna betri bapa, ndogo kama kifungo cha koti. Hiyo ndiyo inayoshika milio yote umeme ukizimwa. Ikifa, vitufe vyote kumi na sita vinabaki vitupu, bila kelele wala moshi. Wewe ulijifunza kwa machungu. Kisanduku chako cha kwanza ulichomoa betri ya zamani kabla hujakichomeka umeme, kazi ya miaka miwili ikapotea kwa nukta moja. Ukaenda ukakaa kwenye ngazi ya kinyozi, bisibisi bado mkononi, ukatuambia, "Nimefuta ukoo mzima." Tangu siku hiyo tarehe ya kubadilisha betri ukawa unaiandika mara mbili, chini ya kisanduku na kwenye daftari.

Daftari tunalo. Tarehe ni mwisho wa mwezi huu.

Tumechoka, Bi Nyaya. Tumechoka kupewa pole na watu wanaotembea na mikono ya mama mfukoni. Tumechoka kusikia mlivyokuwa familia moja, ninyi watu wa midundo. Wewe uliamini hivyo. Uliacha mlango wazi na daftari juu ya meza, na kalamu umeifunga kwa waya isipotee.

Wanaokukumbuka ni mama yako, ambaye mkono wa kushoto bado anao. Mumeo dereva, na sahani yake. Mdogo wako fundi viatu. Shangazi yako wa cherehani. Na kinyozi, ambaye si wa damu lakini chumba chako hajakipangisha. Mengine yote yametuchosha. Kukukumbuka hakujatuchosha, wala hakutatuchosha.

Sasa wewe uliyenacho. Tunajua hukukiiba. Wiki ilipita, ukaona haya, ukasema kesho, na haya zikaongezeka kila ulipokitazama pale chini ya kitanda. Jina lako hatulitaki. Mlio ulioacha, kama uliacha, ni wako. Weka gazeti chini. Kichomeke umeme, kiwashe, kiache kikiwaka hivyohivyo. Usikifungue. Halafu mtume mtu kwa kinyozi amwite fundi viatu. Amejifunza kubadilisha betri kwenye mashine mbovu ya dada yake, mara kumi na moja. Atakuja popote ulipo, na hatakuuliza kitu.

Na wewe ambaye huna lakini unajua kilipo, usijifanye umeshafika mwisho wa tangazo. Piga simu hiyo unayoikwepa.

Mama ameshaamka. Amekaa kitandani, mkono wa kushoto ameuinua. Inuka na wewe.