Sahani Iliyofunikwa

Kaka yangu,

Sisi wazima. Bomba la jikoni linavuja vilevile ulivyoliacha, na Baba bado anasema atalitengeneza mwenyewe, fundi hamtaki.

Uliuliza kazi yangu mpya ni ipi hasa. Namfundisha msaidizi wa ndani ya kompyuta kufanya kazi na watu. Kwenye skrini kuna nyumba ya kuchora. Tunapika na kuandaa meza pamoja. Asipoelewa anauliza, na mengine anajifunza kwa kuniangalia tu. Mwanzoni alikuwa anabandika sufuria tupu, tukacheka mpaka basi.

Juzi mkuu wetu alikuja kumjaribu. Akamwambia, "Tuko watatu, pakua chakula." Msaidizi akapakua sahani tatu, halafu akapakua ya nne, akaifunika na kuiweka kando.

Mkuu akanigeukia. "Hii ya nani?"

Nikasema sijui. Msaidizi akajibu mwenyewe: "Ya ambaye hajafika. Mwalimu wangu hufanya hivi kila mara."

Haki ya nani, sikujua kwamba nafanya hivyo hata kazini! Nimeiga kwa Mama. Tangu ugombane na Baba ukaondoka, Mama hajaacha kuifunika sahani yako. Baba anaiona. Asubuhi anaila yeye, imeshapoa, na ole wake atakayeigusa kabla yake.

Sasa mkuu anataka nimwondolee msaidizi kosa hilo. Sijamjibu. Nijibu wewe, kaka: nimwambie aache?

Mdogo wako asiyejua kunyamaza,
Kidomodomo